Piramidi Iko Rutovu, Unangoja Nini?

Nimetoka Rutovu sasa hivi, viatu bado vina matope, na kunyamaza siwezi. Piramidi, jamani! Piramidi hapa hapa Burundi, juu kabisa mlimani, ya mawe, yenye ncha, yenye upepo wa kukuvua kofia, na bado!

Wenzetu wa Ulaya wakipata siku moja ya mapumziko hukimbilia minara yao ya kale. Sisi wa Bujumbura? Ufukweni, tena ufuko ule ule, samaki yule yule wa mukeke. Mtamu, sikatai. Lakini safari hii tukapandisha milima, na tulipofika Ijenda tayari meno yanagongana! Mashamba ya chai kila upande, kijani kibichi cha kuumiza macho, ukungu unachungulia dirishani, baridi ya sweta juu ya sweta. Lile joto la mjini likawa hadithi.

Piramidi yenyewe si ya kale, wala si kubwa. Mjerumani Burkhart Waldecker aliisimamisha mwaka 1938, baada ya kukitambua chanzo cha Nile kilicho kusini kuliko vyote. Lakini hebu weka kiganja kwenye mawe yale! Ya baridi, ya kukwaruza, yana unyevunyevu. Halafu inua macho: vilima, nyuma yake vilima, nyuma yake tena vilima, mpaka unachoka kutazama. Na milima hii ndiyo inayogawa maji: mvua ya upande mmoja inakwenda Nile, ya upande wa pili inaishia Kongo. Niliizunguka piramidi mbio kama mtoto siku ya Idi, sikuona haya hata kidogo.

Na bado! Teremka chemchemini, Kasumo. Mimi nilitegemea mngurumo, mapovu, vishindo. Wapi! Kamkondo kembamba, kanatiririka taratibu kwenye bomba, utacheka. Nikakinga viganja, nikanawa uso, uuuwi, ubaridi mpaka kwenye mifupa! Na maji hayo hayo, rafiki yangu, yanaingia Ruvyironza, yanashika Ruvubu, yanakwenda na Kagera mpaka Ziwa Victoria, yanatokea Jinja, yanapita Sudan, yanafika Misri kwa zile piramidi nyingine. Nimeyanawa kabla Farao hajayaona!

Jirani zetu Wanyarwanda watakwambia chanzo cha mbali zaidi kiko kwao, msitu wa Nyungwe. Waache waseme. Wana piramidi?

Sambusa na chapati tulizobeba kutoka Buyenzi zilikuwa zimepoa kabisa, na wallahi sijawahi kula sambusa tamu hivyo. Upepo ule unaleta njaa ya ajabu! Ondoka alfajiri, beba sweta, beba viatu vya kukanyagia tope, chakula fungasha mara mbili ya unachodhani kitatosha. Mimi narudi, na garini kuna nafasi. Kwani Jumapili una kazi gani wewe?