Cheni ya Bodaboda Kwenye Gokati Namba 7

Mliokuwepo kwenye mbio za gokati Jumamosi mliona wenyewe. Mzunguko wa tatu, gokati namba 7 inatoka kwenye kona ya polepole, kijana anakanyaga mafuta, cheni inaparamia meno, inaruka, inajisokota kwenye ekseli na magurudumu ya nyuma yanafunga palepale. Kigari kikajizungusha na kuingia matairini kinyumenyume. Dereva alitoka mzima, tunamshukuru Mungu. Wengi waliondoka wakilaumu injini, wengine wakimlaumu dereva kwamba alikanyaga mapema. Injini haikuwa na kosa, na dereva hakuwa na kosa. Mbio zile zilipotea kabla bendera haijashushwa, pale kwenye kibanda cha matengenezo, ilipokatwa cheni ya 428 ya bodaboda ikavalishwa sproketi za 420.

Mafundi wa namba 7 niwape haki yao. Kabureta waliisafisha ikasafishika, beringi za ekseli ni mpya, na ufa uliokuwa kwenye fremu umechomelewa na mtu anayejua kuchomelea.

Sasa turudi kwenye cheni. Ile ya zamani ilikatika asubuhi kwenye mazoezi, tena mahali pamoja tu, kwenye kiungo cha klipu. Kulikuwa na muda wa kutosha. Mtu mmoja pale akasema nusu inchi ni nusu inchi, mwendesha bodaboda akatoa cheni mpya ndani ya boksi, na fundi mkuu wa timu akaitikia kwa kichwa. Hapo ndipo uamuzi ulipofanyika, na sikumsikia hata mmoja akiuliza swali.

Kauli ya nusu inchi ina ukweli ndani yake, na ukweli huo ndio unaowaponza mafundi wengi. Tarakimu ya kwanza ya namba ya cheni huhesabu sehemu za nane za inchi kutoka pini hadi pini. Cheni ya 35 ina tatu kati ya nane, yaani milimita 9.525. Cheni za 40, 41, 420 na 428 zote zina nne kati ya nane, yaani nusu inchi, milimita 12.7. Ukizilaza sambamba mezani, pini zitalingana kuanzia mwanzo hadi mwisho. Lakini jino la sproketi halikai kwenye pini. Jino hukaa kati ya rola na rola, na huko ndiko 428 inakoachana na wenzake. Rola ya 420 ina kipenyo cha milimita 7.77. Rola ya 428 ina 8.51. Bonde kati ya meno ya sproketi ya 420 limechongwa kulingana na rola ndogo, kwa hiyo rola kubwa haifiki chini, inakaa juu ya mabega ya meno. Tofauti ni robo tatu ya milimita hivi kwa kila jino, na mtu asiyeshika venia mkononi ataiita si kitu.

Upana nao una habari yake. Ndani ya 420 kuna milimita 6.35, ndani ya 428 kuna 7.94. Kwa hiyo cheni ile ilikuwa na zaidi ya milimita moja na nusu ya kucheza kushoto na kulia juu ya jino jembamba. Kwenye njia iliyonyooka huioni. Kwenye kona, fremu ya gokati ikijipinda kama ilivyokusudiwa kujipinda, sproketi mbili haziko tena kwenye mstari mmoja, na cheni iliyolegea ubavuni inaanza kutafuta njia ya kutoka.

Chukueni hayo mawili myaweke kwenye sproketi ndogo ya klachi, yenye meno 10. Kati ya hayo 10, yanayobeba mzigo kwa wakati mmoja ni manne au matano. Gari likitoka kona ya polepole, klachi ndipo inapouma, na mvuto kwenye cheni unakuwa mkubwa kuliko mahali pengine popote pa uwanja. Rola imekaa juu ya bega la jino, mvuto unaisukuma ipande zaidi, jino la kwanza linaipitisha kwa la pili ikiwa tayari imechelewa. Ikafika ncha, ikaruka. Kwa mahesabu hayo mimi nashangaa ilivyofika mzunguko wa tatu.

Wapo watakaosema walijaribu kwanza. Kweli, walijaribu: waliinua nyuma kwa jeki, wakazungusha gurudumu kwa mkono, cheni ikapita vizuri, watu wakapiga makofi. Bila mzigo, cheni yoyote ya nusu inchi itazunguka kwenye sproketi yoyote ya nusu inchi ambayo inaingia. Jaribio lenye maana ni kufunga breki za nyuma, kuvuta cheni kwa nguvu, kisha kutazama rola zimekaa wapi. Rola ikiwa haijagusa chini ya bonde, jibu limepatikana hapohapo, na kazi hiyo haifiki dakika mbili.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba dawa ilikuwa mikononi mwao. Cheni ilikatika kwenye kiungo kimoja. Unakata jozi ya viungo, cha ndani na cha nje, unapoteza milimita 25.4 za urefu, unaunganisha upya kwa kiungo kizima cha 420, na injini inasogezwa kuelekea ekseli kwa milimita 12.7 hivi. Bamba la injini la kigari kile lina matundu marefu ya kulegezea, na boliti zilikuwa zimekazwa mwisho kabisa wa upande ulio mbali na ekseli. Nafasi ilikuwepo, kila aliyesimama pale aliiona. Kazi ya spana moja na kikata cheni. Kisha mngeangalia klipu: upande wake uliofungwa unatangulia kule cheni inakoelekea, na ule wenye mdomo unafuata nyuma. Kwenye cheni iliyokatika klipu ilikuwa imegeuzwa, nimeiokota na ninayo. Ina maana hata sababu ya mkatiko wa kwanza haikutafutwa.

Sproketi ya nyuma yenye meno 48 niitetee, maana nimesikia ushauri mbaya ukitolewa baada ya mbio. Kuna anayewaambia vijana watoe zote mbili, waweke seti kamili ya bodaboda, meno 14 na 42, eti cheni na sproketi zitakuwa zimelingana. Zitalingana, ndiyo, na klachi itaungua. Bodaboda ina giabox kabla ya sproketi ile ya mbele. Gokati hii haina, uwiano wake wote uko kwenye cheni. Kwa 10 na 48 uwiano ni 4.8 kwa 1, na kwa tairi la inchi 11 injini ikizunguka mara 3,600 kwa dakika mnapata karibu kilomita 40 kwa saa. Kwa 14 na 42 uwiano unashuka hadi 3 kwa 1, na kwenye karatasi mnapata kilomita 63. Lakini klachi hizi hushika kwenye mizunguko 2,000 hivi. Kwa uwiano wa sasa inaacha kuteleza kigari kikifika kilomita 22 kwa saa. Kwa ule wa bodaboda itaendelea kuteleza hadi kilomita 35, na uwanja wetu una kona ambazo hazifiki hapo. Uwiano walioukuta vijana ulikuwa sahihi, wauache.

Ugonjwa huu ni wa siku nyingi na nimeuandikia mara kwa mara. Ni ufundi wa bora liende. Ndio huohuo unaofanya mtu anunue klachi ya tundu la robo tatu ya inchi, yaani milimita 19.05, kisha akute shafti ya injini yake ni ya milimita 20. Injini ndogo za aina hii zinauzwa kwa saizi zote mbili. Muuzaji mmoja wa spea aliwahi kunitazama usoni akaniambia nipige tupa shafti. Shafti ikishapigwa tupa haiwi duara tena, klachi inatikisika, ufunguo unakula njia yake, na injini nzima inakuwa chuma chakavu kwa sababu ya klachi isiyolingana nayo. Ndio huohuo unaong'oa gavana ili injini ya kusukuma maji ipige kelele kama ya mashindano, hali flaiwili na konrodi hazikutengenezwa kwa mizunguko hiyo.

Huniambii kwamba kigari kilichotumika ndicho kinacholeta haya. Mwaka 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda Safari Rally kwa Volvo PV544 iliyokuwa imekwishatumika, gari ambalo timu ya kiwanda ilikuwa imemalizana nalo. Joginder alikuwa fundi kabla hajawa dereva mashuhuri, na baba yake alikuwa fundi. Barabara zile za Kenya, Uganda na Tanzania hazikumsamehe mtu aliyefunga kipande kwa kubahatisha. Alirudi akashinda tena 1974 na 1976, safari hizo kwa Mitsubishi Lancer. Hata gokati yenyewe ilizaliwa kwa vitu vya kuokoteza: Art Ingels aliiunda California mwaka 1956 akatumia injini ya mashine ya kukata majani. Lakini Ingels alikuwa akifanya kazi Kurtis Kraft, walikotengeneza magari ya mbio za Indianapolis, na mtu wa karakana ile hupima kwanza ndipo akafunga. Wazee hao walikuwa na spea chache kuliko sisi, na kipimo hawakukiacha nyumbani.

Vijana wa namba 7, kigari chenu ni kizuri na mna mikono. Toeni 428 hiyo mumrudishie mwenye bodaboda. Sproketi ya meno 10 msiifunge tena, ncha zake zimekwisha kuliwa na itaharibu cheni yoyote mtakayoweka. Ile ya 48 igeuzeni mkaitazame jino kwa jino kabla ya kuiamini. Kisha nendeni Barabara ya Kirinyaga mtafute 420, mkasome namba iliyopigwa kwenye bamba la cheni lenyewe, msiishie kwenye maandishi ya boksi, na mnunue na viungo viwili vya akiba. Wasimamizi wa uwanja nao, wekeni venia kwenye meza ya ukaguzi, na gari lolote ambalo namba ya cheni yake hailingani na ya sproketi lisiruhusiwe kuingia uwanjani.