Mfereji si Mtaro: Uhakiki wa Istilahi za Uchafuzi wa Maji ya Mjini

Istilahi hupimwa kwa mizani miwili: wa mtaalamu anayeitunga na wa msikilizaji anayeipokea. Katika uhakiki huu tunakusudia kuzipima istilahi nne zitumikazo katika maandishi juu ya bakteria katika maji ya mijini, na mahali tulipopachagua pa kuzijaribia ni Mji Mkongwe wa Zanzibar. Mji huo hauna mto upitao kati yake. Maji ya mvua na maji machafu huteremkia baharini kwa mitaro na mabomba. Hori lililokuwa likiutenga na Ng'ambo lilikwisha kufukiwa, na jina la Darajani ndilo lililobaki kuwa shahidi.

Jambo lenyewe si la mzaha. Kipindupindu kiliupiga mji huu mara kadhaa katika karne ya 19. Daktari James Christie, aliyeushuhudia mlipuko wa 1869–1870, alichapisha mwaka 1876 kitabu kizima juu ya ugonjwa huo katika Afrika Mashariki. Zanzibar ilipatwa tena mwaka 1978, na mlipuko mwingine mkubwa ulitokea 2015–2016. Mahali kama hapa tangazo lisiloeleweka laweza kugharimu maisha.

Tuanze na neno mfereji. Katika vitabu vingi, hasa vya kilimo, mfereji ni njia ya maji iliyochimbwa ardhini. Lakini kwa Mzanzibari mfereji ni kile ambacho bara huitwa bomba, na maji ya mfereji ni yale akingayo ndooni kwa kunywa na kupikia. Basi mwandishi aandikapo kwamba mifereji ya mji imejaa bakteria wa kinyesi, naye akikusudia njia za maji ya mvua, mama wa Malindi ataingiwa na hofu isiyo na sababu. Akiandika kwamba mifereji imekwisha kusafishwa, mama huyo huyo huenda akayanywa maji bila ya kuyachemsha. Hitilafu hii ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza. Inashangaza kwamba Kiunguja, lahaja iliyochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, ndicho kinachosahauliwa hapa. Lipo neno mtaro, ambalo huzoeleka Unguja na bara pia. Tunapendekeza litumike kwa njia za maji ya mvua, na mfereji uepukwe katika maandishi ya afya.

Istilahi ya pili ni vimelea. Wapimaji wa maji hawatafuti kila kijidudu cha maradhi. Huhesabu bakteria fulani waishio matumboni mwa watu na wanyama, mathalani Escherichia koli, aliyeelezwa na Theodor Escherich mwaka 1885, au enterokoki, hasa katika maji ya bahari. Aghalabu bakteria hao hawadhuru, lakini kuonekana kwao kwaonesha kwamba kinyesi kimefika majini, na huenda kimekuja na wanaodhuru. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani lataka Escherichia koli asionekane hata mmoja katika mililita 100 za maji ya kunywa. Kuwaita hao vimelea vya maradhi ni kusema jambo lisilopimwa. Wengine husema viashiria, neno sahihi lakini la ofisini. Wahenga walikwisha kutusaidia: dalili ya mvua ni mawingu, na wingu si mvua. Tunapendekeza bakteria dalili. Pingamizi twalijua, kwamba hospitalini dalili ni ya ugonjwa mwilini. Lakini maana ni moja, yaani kionekanacho kinachotambulisha kisichoonekana.

Istilahi ya tatu ni kuoza. Ili kukadiria idadi ya bakteria watakaofika pwani, wataalamu hukokotoa wangapi huingia mtaroni na wangapi hupotea njiani. Mwaka 1908 Harriette Chick alionesha kwamba bakteria waliotiwa dawa hufa kwa uwiano: katika kila kipindi hufa sehemu ile ile ya waliosalia. Tukichukua mfano wa 1000, nusu wakifa kila saa, watabaki 500, kisha 250, kisha 125. Jua kali na chumvi ya bahari huharakisha. Mvua za masika huteremsha mzigo mpya. Wafasiri wa neno kwa neno wameuita upungufu huu kiwango cha kuoza. Lakini kwa Mswahili maji yaliyooza ni yale yaliyozidi kuwa machafu, kinyume kabisa cha yanayokusudiwa! Kasi ya kupungua yatosha.

Ya nne ni jina la hesabu yenyewe. Kuiita kigezo ni kuigonganisha na kigezo cha usalama, ambacho hutajwa katika ukurasa huo huo. Na mfano una kazi nyingine nyingi. Twaona modeli ibaki, ila mara ya kwanza ifafanuliwe: hesabu ya kukadiria.

Utafiti wa Moynihan, Baker na Mmochi, uliochapishwa mwaka 2012, ulifuatilia alama za maji machafu ya Mji Mkongwe baharini, lakini uliandikwa kwa Kiingereza. Anayeishi kando ya mtaro ana haki ya kuyajua matokeo ya namna hiyo kwa lugha yake. Hivyo tunashauri kwamba istilahi yoyote ya afya, kabla ya kusanifiwa, isomwe mbele ya wasikilizaji wa Unguja, Pemba na bara, nao waulizwe wameelewa nini. Jibu lao ndilo liwe hukumu.