F8 Haikupaswa Kuzimwa

Waliogongagonga F8 kwenye Windows 8 wakiitafuta menyu ya machaguo ya kuwashia, wakaishia kwenye skrini ya nywila hawahitaji kuelezwa nini kilitokea. Mei 2012, miezi mitano kabla mfumo haujaingia sokoni, Microsoft ilitoa hesabu yake hadharani. Kwenye kompyuta yenye SSD, Windows inaweza kuwaka kwa sekunde 7 au pungufu, kwa hiyo muda wa kuipokea F8 umebaki chini ya milisekunde 200. Watu waliopimwa wakigonga kwa kasi yao yote walifikia mara moja kila milisekunde 250 hivi, yaani hata mwenye vidole vyepesi kabisa angebahatisha. Hesabu hiyo siipingi. Ninachokipinga ni uamuzi uliotolewa juu yake: F8 ikazimwa tangu kiwandani, na njia ya kufikia machaguo hayo, pamoja na lile la kuwasha kutoka kwenye flashi, ikahamishiwa ndani ya Windows, kwenye mipangilio au kwa kushikilia Shift unapochagua Restart. Ni sawa na kumfungia mtu nje kisha kumwambia ufunguo uko sebuleni. Anayeihitaji menyu ile kuliko wote ni yule ambaye Windows yake haifunguki.

Kosa lenyewe ni la kiufundi kabla ya kuwa la huruma. Kitufe kinaweza kusomwa kwa namna mbili: mashine isubiri kigongwe ndani ya muda fulani, au iangalie mara moja tu kama tayari kimeshikiliwa. Namna ya kwanza inakula muda. Ya pili haihitaji kusubiri hata kidogo. MS-DOS 6 ya 1993 ilitumia ya kwanza kwa uungwana: iliandika kwamba inaanza, ikatulia sekunde 2, F5 ikaruka faili za usanidi na F8 ikazipitia mstari kwa mstari. Windows 95 ikafuata nyayo hizo. Windows 98 ilipotaka kuwaka haraka iliondoa kusubiri huko, lakini haikumtupa mtumiaji: ilimruhusu ashikilie Ctrl. Mac za Intel zilisoma Option iliyoshikiliwa, na Ubuntu kwenye BIOS ikasoma Shift. Jibu lilikuwepo, tena kwenye kabati la Microsoft yenyewe. Wahandisi wa 2012 walipima kasi ya kugonga, wakati swali lililofaa lilikuwa la kushikilia.

Watetezi wana hoja moja nzito. Ili kuokoa muda, baadhi ya UEFI (programu inayoiamsha mashine, mrithi wa BIOS) haziamshi vifaa vya USB kabla ya Windows kupanda, kwa hiyo kibodi ya USB ni kiziwi wakati huo, uigonge au uishikilie. Ni kweli, lakini vitufe vya kibodi sivyo vitufe pekee kwenye mashine. Surface RT, iliyotoka siku ileile na Windows 8, iliwaka kutoka kwenye flashi kwa kushikilia kitufe cha kupunguza sauti na kubonyeza cha kuwashia. Kampuni ileile, mwaka uleule, ilijua la kufanya kwenye kifaa chake, kisha ikawaachia watengenezaji wengine wajipangie. Nao wanajulikana kwa vitufe vyao vya menyu ya kuwashia: F12 kwa Dell na Lenovo, F9 kwa HP, F11 kwa MSI, na Acer ambayo F12 yake imelala hadi uiamshe ndani ya BIOS. Kwa miaka mingi nembo inayofunika skrini nzima imeficha hata maelezo ya kitufe gani kibonyezwe.

Hoja ya pili ni kwamba Windows huileta menyu yenyewe ikishindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo. Hiyo ni kazi nzuri. Lakini kutaka kuwasha kutoka kwenye flashi si hitilafu; ni nia ya mwenye mashine, na hakuna programu inayoweza kuibashiri. Matokeo yake ni haya: anayekwama kwenye skrini nyeusi huelekezwa, hata na Microsoft yenyewe, ashikilie kitufe cha umeme mpaka mashine izimike katikati ya kuwaka, arudie, hadi Windows iamini kwamba imeharibika. Mfumo unaomlazimu mtu kuukatia umeme ili umsikilize haujasanifiwa vizuri.

Windows 11 imerithi uamuzi uleule, ingawa amri moja ya bcdedit, ile ya kurudisha bootmenupolicy kuwa legacy, huifufua F8. Mafundi wengi huiandika mapema kwenye mashine za wateja wao, na wanafanya sawa. Apple ilipoachana na Intel mwaka 2020 iliufuta mkusanyiko mzima wa vitufe vya zamani, lakini ikaacha kimoja: shikilia kitufe cha kuwashia, machaguo yanakuja. Microsoft ina nguvu ya kuwadai watengenezaji wote kitu hichohicho kupitia masharti yake ya uthibitisho, kama ilivyowadai Secure Boot. Iwadai.