Dhahabu, Magwangala na Nyani wa Adili: Uhakiki wa Mfano Mmoja wa Mimbarini

Upo mfano unaopendwa sana katika mahubiri, semina za vijana na mafundisho ya Kipaimara. Mhubiri husema kwamba nafsi ya kweli ya mtu ni kama dhahabu iliyofichwa ndani ya mwamba. Vyeo, mali, sifa za watu na aibu za zamani ni mawe tu; yakiondolewa, dhahabu itang'aa. Mfano huu ni mzuri masikioni, nami nimeutumia mara nyingi. Makala hii inakusudia kuuhakiki, kwanza kwa kuupeleka mahali dhahabu inapochimbwa, pili kwa kuulinganisha na hadithi moja kuu ya Kiswahili, na tatu kwa kuupima kwa imani tuliyoikiri.

Niliuhubiri Sekenke, wilayani Iramba, karibu na ule mlima ambao madereva wa barabara ya Singida kwenda Nzega wanaufahamu vema. Wasikilizaji wangu wengi walikuwa wachimbaji wadogo na familia zao. Baada ya ibada mzee mmoja alinisogelea, akaniamkia kwa heshima, kisha akasema: "Baba Mchungaji, umesema vizuri. Lakini mawe tunayoyatoa katika duara, mengi hayana kitu. Tunayavunja, tunayasaga kwa karasha, tunaosha, hamna. Hayo tunayaita magwangala. Sasa mtu akijichunguza akajiona yeye ni magwangala, Injili yako inamwambia nini?"

Sikuwa na jibu siku ile. Nilisema maneno machache juu ya kutokata tamaa, tukaagana. Lakini swali lile lilinifuata hadi darasani, kwa kuwa lilionyesha kasoro iliyo katika mzizi wa mfano wenyewe. Mfano unamwahidi msikilizaji kwamba akichimba ndani yake atakuta kitu safi. Je, asipokikuta?

Sekenke yenyewe inalo fundisho jingine. Mgodi wake ulianzishwa wakati wa utawala wa Wajerumani, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1916, koloni lilipokuwa limezingirwa na fedha zimeadimika, dhahabu ya Sekenke ilipelekwa Tabora ikafanywa sarafu za rupia 15. Upande mmoja uligongwa chapa ya tembo, na nyuma yake mlima. Upande wa pili tai wa dola ya Ujerumani. Mwezi Septemba mwaka huohuo Tabora ilitekwa na majeshi ya Wabelgiji. Dhahabu ilibaki dhahabu, lakini yule ambaye chapa yake ilikuwa juu yake alikwisha kuondoka. Hapa tunaona kwamba hata dhahabu iliyokwisha kutengwa na mwamba haiachwi peke yake. Itapewa chapa na mtu. Bwana wetu alipoonyeshwa dinari hakuuliza ndani yake mna nini, aliuliza sanamu iliyo juu yake ni ya nani (Mk. 12:16). Nafsi nayo yapasa kuulizwa hivyo: ni chapa ya nani iliyo juu yake?

Tuigeukie sasa hadithi ya Shaaban Robert, Adili na Nduguze, iliyotolewa mwaka 1952. Wengi wetu tuliisoma shuleni kama hadithi ya wema na wivu. Adili, liwali wa Janibu chini ya Mfalme Rai wa Ughaibu, anao nduguze wawili, Hasidi na Mwivu, ambao walimtosa baharini kwa kumwonea kijicho. Jini aitwaye Huria akawageuza kuwa nyani, akamwamuru Adili awapige kila usiku. Mchana Adili ni mtawala mwenye haki na sifa njema. Usiku ana mjeledi mkononi na machozi machoni.

Msomaji wa kitheolojia hana budi kuuliza: ni ipi nafsi ya kweli ya watu hawa watatu? Wafuasi wa mfano wa dhahabu wangejibu upesi kwamba unyani ni ganda la nje, na ndani yake yumo mtu aliyefichika. Lakini hadithi haisemi hivyo. Unyani ule uliidhihirisha hali ambayo ndugu wale walikuwa nayo tangu walipokuwa na sura nzuri za kibinadamu. Tena mjeledi, japo ulirudiwa usiku baada ya usiku, haukuwatoa nyani wale katika unyani wao. Sheria inaweza kumfanya mtu alie. Kumrudishia utu haiwezi. Wale ndugu walirudishiwa sura zao kwa maombezi ya mfalme na kwa msamaha, yaani kwa neno lililotoka nje yao.

Hadithi hii inafanana sana na kisa kimoja cha Alfu Lela Ulela, ambamo ndugu wawili waligeuzwa mbwa. Katika kisa kile cha kale, ndugu wakiisha kurudishiwa sura zao humgeukia tena ndugu yao na kujaribu kumwua. Ganda limeondoka, moyo ni uleule. Shaaban Robert aliubadili mwisho huo: ndugu zake Adili wanatubu na kupatanishwa naye. Naona hapo ndipo ulipo ukuu wa kazi yake. Alitambua kwamba kuvuliwa sura ya uongo hakutoshi. Kunahitajika moyo mwingine.

Hata hivyo ninayo lawama moja kwa mwandishi. Adili ni mwema mno tangu ukurasa wa kwanza. Msomaji humpenda na kujiweka upande wake, asiwaze hata mara moja kwamba huenda yeye mwenyewe ni mmoja wa nyani. Kwetu sisi wachungaji hatari hii ni kubwa, kwa maana nasi tuna joho la mchana. Twaitwa Baba, twaamkiwa kwanza, twaketi mbele. Ni rahisi kuamini kwamba joho lile ndilo nafsi yetu, na kwamba waliofungwa usiku ni watu wengine.

Imani yetu inasemaje basi? Katika Mjadala wa Heidelberg wa mwaka 1518, hoja ya 28, Luther alifundisha kwamba upendo wa Mungu haukikuti kinachoupendeza, bali hukiumba. Hili ndilo jibu nililopaswa kumpa yule mzee wa Sekenke. Mungu si mchimbaji apimaye mwamba ili aone kama unalipa. Humpenda magwangala, na kwa kumpenda humfanya kuwa wa thamani. Ndiyo sababu Paulo hawaambii Wakolosai kwamba uhai wao umefichwa ndani yao wenyewe, anawaambia umefichwa pamoja na Kristo katika Mungu (Kol. 3:3). Naye Petro anapotaja dhahabu ijaribiwayo kwa moto, anailinganisha na imani (1 Pet. 1:7), wala hailinganishi na nafsi isiyohitaji kuokolewa.

Huenda mtu akauliza: je, hatuna tena la kuvua? Tunalo. Waefeso wanaamriwa kuuvua utu wa kale na kuuvaa mpya (Efe. 4:22-24), na Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 yatufundisha kwamba Adamu wa kale hana budi kuzamishwa kila siku. Lakini angalieni utaratibu wake. Hatuvui ili tujigundue. Tunavua kwa sababu tumekwisha kupatikana. Aliyeitwa kwa jina katika ubatizo anaweza kuacha cheo bila kuogopa kwamba atabaki si kitu. Na tusidhani kwamba kila kilichovuliwa kwa jina la ubatizo kilikuwa cha uongo. Wazee wetu wengi waliambiwa waache majina ya ukoo wao na kuchukua ya Ulaya, kana kwamba Kristo hakuweza kumwita mtu kwa Kinyiramba. Hiyo ilikuwa chapa ya tai.

Ndugu wanafunzi, siku moja mtasimama kaburini pa kijana aliyefukiwa na kifusi, ambaye hakuwahi kupata hata chembe ya dhahabu, na ambaye kijiji kinamkumbuka kwa ulevi na madeni. Msiwaambie wazazi wake kwamba ndani yake mlikuwa na dhahabu. Wao walimjua. Waambieni aliitwa jina na nani, siku gani walipomleta kwenye maji, na kwamba aliyemwita hajalitangua neno lake.