Pale Namba Inaporudi Sifuri

Fanksheni ya hashi ni kanuni ya kihesabu inayopokea data ya urefu wowote, iwe herufi tatu au filamu nzima, na kutoa muhtasari wa urefu usiobadilika, ambao kwa kanuni iitwayo SHA-256 ni biti 256, yaani baiti 32. Fanksheni hiyo huhesabiwa kuwa ya kriptografia iwapo hakuna njia inayowezekana kiutendaji ya kupata data mbili tofauti zenye muhtasari mmoja, wala ya kuushika muhtasari na kurudi nyuma hadi kwenye data iliyouzaa. Sahihi za kidijitali, utunzaji wa nywila na ukaguzi wa mafaili yanayopakuliwa kutoka kwenye intaneti vyote husimama juu ya sifa hiyo, na ndiyo maana namna kanuni hizi zinavyoandikwa katika lugha ya C inastahili kutazamwa kwa karibu kuliko inavyotazamwa kwa kawaida.

C ni lugha ya ngazi ya chini kwa maana kwamba humweka mwandishi wa programu karibu na mashine, akawa yeye ndiye anayegawa kumbukumbu ya kompyuta, anayehesabu baiti na anayechagua kila namba iwe na upana wa biti ngapi. Kwa namba kamili zisizo na alama, yaani zile zisizoweza kuwa hasi, lugha hiyo imeweka sharti lililo wazi: namba ya biti 32 inapovuka 4,294,967,295, ambacho ndicho kikomo chake, haitoi kosa wala onyo bali huanza upya kutoka sifuri, kama mita ya kilomita ya gari kuukuu iliyofika tisa tupu. Tabia hiyo ndiyo inayoifanya C ifae sana kwa kazi ya hashi, na ni hiyo hiyo iliyozaa hitilafu kubwa katika msimbo wa kanuni nyingine ya hashi, SHA-3.

Manufaa yake huonekana vizuri ndani ya SHA-256, ambayo ilibuniwa na Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani na kuchapishwa kama kiwango rasmi mwaka 2002 na NIST, taasisi ya nchi hiyo inayoshughulikia viwango na teknolojia. Data hukatwa katika bloku za baiti 64, kila bloku hupitishwa katika raundi 64 za kuchanganya, na matokeo hubebwa na maneno manane, neno likiwa na maana ya namba ya biti 32. Thamani za kuanzia za maneno hayo zimechukuliwa kwenye sehemu za desimali za vipeuo vya pili vya namba tasa 8 za kwanza, na namba thabiti za raundi zimetoka kwenye vipeuo vya tatu vya namba tasa 64 za kwanza, kuanzia 2 hadi 311, ili mtu yeyote aweze kuzikokotoa mwenyewe na kuridhika kwamba hazikupachikwa kwa nia iliyofichwa. Katika kila raundi maneno hujumlishwa, na chochote kinachozidi biti 32 hutupwa. Katika lugha ambazo namba hukua bila kikomo, mwandishi hulazimika kukikata kilichozidi kwa mkono kila anapojumlisha, ilhali katika C alama ya kujumlisha peke yake inatosha, kwa kuwa namba isiyo na alama hujikata yenyewe.

Operesheni nyingine ya msingi ni kuzungusha biti, ambapo biti zinazotoka upande wa kulia wa neno huingizwa tena upande wa kushoto. C haina alama ya kuzungusha, kwa hiyo waandishi hulisogeza neno kulia mara n, wakalisogeza tena kushoto mara 32 toa n, kisha wakaunganisha matokeo mawili, na kompaila nzuri, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, hulitambua umbo hilo na kuliandika kama amri moja tu ya prosesa.

Ujumbe wa herufi tatu, «abc», unatosha kuonyesha kazi inavyoanza. Katika kumbukumbu ya kompyuta herufi hizo ni baiti 61, 62 na 63 kwa uandishi wa namba wa msingi wa kumi na sita. Baada yake huwekwa baiti 80, ambayo ni biti moja ya 1 ikifuatwa na sifuri saba, kisha sifuri tupu hadi zibaki baiti nane za mwisho wa bloku, ambamo huandikwa urefu wa ujumbe kwa biti, hapa 24, yaani 18 kwa msingi huo huo. Kwa hiyo neno la kwanza la bloku lazima liwe 61626380 na la mwisho 00000018. Prosesa nyingi za leo, hata hivyo, huhifadhi namba kwa kutanguliza baiti ndogo, na mwandishi anayeielekeza mashine isome baiti nne hizo moja kwa moja kama namba atapata 80636261, neno lililopinduliwa, na muhtasari wote utakaofuata utakuwa takataka. Njia salama ni kulijenga neno baiti kwa baiti, ile ya kwanza ikisogezwa nafasi 24 kushoto, ya pili 16, ya tatu 8, kisha zote zikaunganishwa.

Hata hapo upo mtego unaowanasa wazoefu. C huipanua baiti kuwa namba ya kawaida yenye alama kabla ya kuisogeza, na baiti 80 ikisogezwa nafasi 24 huvuka kikomo cha namba ya aina hiyo, jambo ambalo lugha haijalipa maana yoyote, hivyo kompaila ina ruhusa ya kufanya itakalo. Ujumbe mtupu, usio na herufi hata moja, hukutana na hali hiyo papo hapo, kwa kuwa bloku yake huanza na baiti 80. Kinga yake ni kuigeuza baiti iwe namba isiyo na alama ya biti 32 kabla ya kuisogeza, na inasikitisha kwamba mifano mingi ya kufundishia haiepuki kosa hilo, kwa sababu kompaila nyingi hutoa jibu sahihi kwa bahati tu.

Ukiacha mtego huo, moyo wa kanuni hizi una kinga ya asili. Kila biti ya data huathiri muhtasari mzima, hivyo namba thabiti iliyokosewa tarakimu moja au mzunguko wa nafasi 7 ulioandikwa 8 huharibu jibu la «abc», ambalo kwa SHA-256 huanza na ba7816bf, na kosa hujitangaza katika jaribio la kwanza kabisa. Kazi ya uwekaji hesabu inayouzunguka moyo huo haina kinga ya namna hiyo, kwa sababu ni kazi ya kuhesabu baiti zilizofika, kuzihifadhi zile ambazo bado hazijatimia bloku, na kujazia mwisho. Ujumbe wa baiti 55 hutosha bloku moja, maana 55 na ile baiti moja ya 80 na baiti nane za urefu hufanya 64 kamili, lakini ujumbe wa baiti 56 unahitaji bloku ya pili, na msimbo uliosahau tofauti hiyo unaweza kujibu sawasawa kwa «abc» na kwa jumbe nyingine nyingi bila kushukiwa.

Umbo la uwekaji hesabu huo halijabadilika sana tangu Ronald Rivest alipoichapisha MD5 mwaka 1992 pamoja na msimbo wake wa C. Kazi iligawanywa sehemu tatu: kuanzisha, kuongeza data mara nyingi kadiri inavyofika, na kumalizia. Sehemu ya katikati ndiyo yenye mzigo, kwa kuwa mtumiaji anaweza kuleta baiti 1, kisha 70, kisha milioni moja, na msimbo unapaswa kutunza masalio katika bafa, ambayo ni nafasi ndogo ya kumbukumbu ya kusubiria. Rivest alihesabu urefu wa ujumbe kwa namba mbili za biti 32, na kila alipoongeza kwenye ya kwanza aliuliza swali moja: je, jumla imekuwa ndogo kuliko kilichoongezwa? Ikiwa ndiyo, namba imezunguka na kurudi, na ya pili huongezwa moja. Xiaoyun Wang na wenzake waliivunja MD5 kihesabu mwaka 2004 kwa kuonyesha jumbe tofauti zenye muhtasari mmoja, na leo haifai tena kwa usalama, lakini mstari ule wa kuuliza unabaki kuwa kielelezo cha uandishi mwangalifu.

Uangalifu wa aina hiyo ulikosekana katika mstari mmoja wa msimbo wa Keccak. Kanuni hii ni kazi ya Guido Bertoni, Joan Daemen, Michaël Peeters na Gilles Van Assche, ilishinda shindano la NIST la kutafuta kanuni mpya ya hashi mwaka 2012, na ikawa kiwango cha SHA-3 mwaka 2015. Imejengwa kwa muundo wa sifongo: hali yake ni baiti 200, data hufyonzwa humo kwa mafungu, hali yote huchanganywa kwa raundi 24, na mwishoni muhtasari hukamuliwa. Katika aina iitwayo SHA3-224 data huruhusiwa kugusa baiti 144 tu kati ya hizo, na baiti 56 zinazobaki hazipaswi kuguswa na data moja kwa moja, kwa kuwa ndizo hifadhi ya usalama wa kanuni nzima.

Msimbo wenye hitilafu ulitolewa Januari 2011 na timu yenyewe ya Keccak. Data mpya inapofika wakati baiti chache tayari zimo ndani, msimbo hulazimika kuamua ni baiti ngapi zinatosha kulijaza fungu lililoanza. Mantiki yake, ikipewa majina ya Kiswahili, ilikuwa hivi: chukua data yote iliyobaki na uiite *kipande*, ikiwa *kipande + zilizomo > 144*, basi punguza kipande kiwe *144 − zilizomo*. Sharti hilo ni sahihi kihesabu, na msomaji wa kawaida angelipita bila kusita. Lakini kipande na zilizomo vyote viliwekwa katika namba zisizo na alama za biti 32, hata kwenye mashine za biti 64 ambako urefu wa data unaweza kuwa mkubwa zaidi.

Mtumiaji akileta baiti 1, kisha akaleta 4,294,967,295 kwa mkupuo mmoja, jumla ya kipande na zilizomo huvuka kikomo na kuwa sifuri. Sifuri si kubwa kuliko 144, hivyo kipande hakipunguzwi, na msimbo huanza kuchanganya zaidi ya baiti bilioni nne ndani ya hali ya baiti 200, ukizipita kwanza zile 56 zilizokatazwa, kisha kumbukumbu yote inayofuata, hadi programu ianguke au, mbaya zaidi, iendelee ikiwa na maudhui yaliyopangwa na mshambuliaji. Akileta 4,294,967,296 badala yake, kipande chenyewe ndicho kinachokuwa sifuri: msimbo unaongeza sifuri, unakuta data bado ipo, unarudi mwanzo wa kitanzi na kuongeza sifuri tena, bila mwisho. Tofauti ya baiti moja huamua kama programu itaharibu kumbukumbu au itakwama milele.

Nicky Mouha aliitangaza hitilafu hiyo Oktoba 2022, baada ya zaidi ya miaka 11, na ikapewa namba CVE-2022-37454 katika orodha ya kimataifa ya udhaifu wa programu. Wakati huo msimbo ulikuwa umeshaingia ndani ya lugha za Python na PHP. Hakuna kasoro yoyote iliyopatikana katika hesabu ya Keccak. Lakini kwa kuwa data iliweza kuzigusa baiti zilizolindwa, sifa za kriptografia zilizothibitishwa kwenye karatasi hazikuwa na nguvu tena ndani ya msimbo huo.

Majaribio hayakuiona kwa sababu yalikuwa mafupi mno. Hata ujumbe mrefu kuliko wote katika majaribio ya shindano ulikuwa wa takriban gigabaiti 1, ambayo ni robo ya kikomo cha biti 32. Utafiti wa Mouha na wenzake uliochapishwa mwaka 2018 ulikuwa umekwisha kuonyesha jinsi tatizo lilivyoenea, kwani ulikuta hitilafu katika misimbo 41 kati ya 86 ya marejeo iliyowasilishwa kwenye shindano hilo, ikiwemo moja iliyodumu miaka 7 katika kanuni ya BLAKE. Takwimu hiyo ni nzito, kwa kuwa walioandika misimbo hiyo walikuwa miongoni mwa wataalamu bora wa fani yao.

Marekebisho ya Keccak yalikuwa madogo. Badala ya kujumlisha pande mbili, msimbo sasa huuliza kama data iliyobaki, ikiwa bado katika upana wake kamili, ni kubwa kuliko *144 − zilizomo*, na kipande hubanwa katika biti 32 baada tu ya kujulikana kwamba kinaenea. Kwa kuwa zilizomo kamwe hazivuki 144, utoaji huo hauwezi kuzunguka na kurudi, na sharti linabaki na maana ile ile liliyo nayo kwenye karatasi.

Watunzaji wa Python walikwenda mbali zaidi. Katika toleo la 3.12 waliingiza SHA-2, yaani familia ya SHA-256, na SHA-3 kutoka mradi wa HACL*, ambao waandishi wake huiandika kanuni kwanza katika lugha ya uthibitisho iitwayo F*, wakaithibitisha kihesabu kwamba hakuna kielekezi, yaani anwani ya mahali katika kumbukumbu, kitakachotoka nje ya mipaka na kwamba matokeo yanalingana na kiwango rasmi kwa urefu wowote unaokubalika, kisha chombo maalumu kikaitafsiri kuwa C. Msimbo unaopatikana una bafa, urefu na masharti yale yale ya siku zote, ila kila sharti limeshathibitishwa kabla halijaandikwa. Kompaila ya kawaida inayoigeuza C hiyo kuwa amri za prosesa bado iko nje ya uthibitisho huo, na mtumiaji wa HACL* hulazimika kuiamini kama ilivyo.