Mashine ya Bitcoin Nyumbani Gusii: Anza na Mita ya Tokeni

Anayetaka kuweka mashine ya kuchimba bitcoin nyumbani kwake Ogembo, Keroka au Nyansiongo na aitazame kwanza mita ya tokeni. Mashine ni swali la pili. Wauzaji husifu kasi, yaani terahashi ngapi kwa sekunde, kwa kuwa namba hiyo ni kubwa na inavutia. Namba inayoamua faida huwa imeandikwa kwa herufi ndogo: juli kwa tera, kipimo cha stima inayoliwa kwa kila tera ya kazi.

Tuzipime mashine tatu za kampuni ya Bitmain. Antminer S9, iliyotoka 2016, hufanya tera 13.5 hivi ikila wati 1,350, yaani juli 100 kwa tera. S19 ya 2020 hufanya tera 95 kwa wati 3,250, juli 34. S21 hufanya tera 200 kwa wati 3,500, juli 17.5. Kwa stima ile ile, S21 inafanya kazi zaidi ya mara 5 ya S9. Hiyo ndiyo sababu S9 kuukuu huuzwa rahisi.

Sasa tutie shilingi. Tangu malipo ya wachimbaji yalipopunguzwa nusu Aprili 2024, kila bloku, yaani fungu la miamala linalothibitishwa, hulipa bitcoin 3.125, na bloku kama 144 hupatikana kwa siku. Hizo ni bitcoin 450 kwa dunia nzima, na kila mchimbaji hupata kwa kadiri ya kasi yake. Mwaka 2025 kasi ya mtandao mzima ilifika tera bilioni 1. Tuchukue bei ya bitcoin ni dola 100,000, dola ni shilingi 129, na uniti ya stima inamfikia mwenye nyumba kwa shilingi 30 pamoja na kodi na tozo.

S9 itaingiza shilingi 78 kwa siku na kula stima ya shilingi 972. S19 itaingiza 551 na kula 2,340. S21, iliyo bora kuliko zote hapa, itaingiza 1,161 na kula 2,520. Zote zinapoteza, na bado hatujahesabu bei ya kuzinunua wala ushuru wa kuziingiza nchini. Ili S21 irudishe tu gharama ya stima, uniti lazima ishuke chini ya shilingi 14. S19 inataka 7. S9 inataka chini ya shilingi 2 na nusu.

Kuna jambo jingine ambalo mara nyingi halisemwi, nalo linaumiza nyumba nyingi za mashambani. Kenya Power hupanga wateja wa nyumbani kwa matumizi yao ya mwezi. Viwango vya Aprili 2023, kabla ya tozo, vilikuwa shilingi 12.22 kwa asiyezidi uniti 30, 16.30 kwa asiyezidi 100, na 20.97 kwa aliyepita hapo. Ukivuka, unalipa bei ya juu kwa uniti zako zote. S9 hula uniti 32 kwa siku; siku ya nne tayari imepita 100. Kwa hiyo mama aliyekuwa akiwasha taa tatu, redio na chaja ya simu kwa bei ya chini kabisa atalipia hata taa hizo kwa bei ya juu, kwa sababu ya mashine ya kijana wake chumba cha pili. Hasara hiyo haionekani kwenye hesabu ya mashine, lakini inaonekana kwenye tokeni.

Nyaya nazo zina mpaka. Soketi ya kawaida ya ampea 13 kwenye volti 240 hubeba wati 3,120, tena si kwa saa 24 mfululizo. S19 na S21 zimepita hapo. Kila moja inahitaji laini yake kama ya jiko la umeme, iliyofungwa na fundi mwenye leseni. Nyumba nyingi zilizopata stima kupitia mradi wa Last Mile ulioanza 2015 zilifungiwa bodi ndogo yenye soketi chache; bodi hiyo haikukusudiwa mzigo huu.

Hali ya hewa ya Gusii ina mazuri na mabaya. Kisii iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na baridi yake inafaa mashine. Bitmain husema kuanzia mita 900 kikomo cha joto hushuka nyuzi 1 kwa kila mita 300, na mwisho ni mita 2,000. Mjini Kisii upungufu huo wa nyuzi karibu 3 hauna shida, ila vilima vya Kiabonyoru huko Nyamira vinafika nje ya mpaka. Linalonitia hofu zaidi ni radi. Ukanda huu unaozunguka Ziwa Victoria hupigwa na radi nyingi mno, na mashine isiyozimwa usiku wala mchana haina wakati wa kuchomolewa mvua inapokuja. Bila waya wa ardhi na kinga ya mshtuko wa umeme, usiiwashe. Kelele pia: S19 hutoa desibeli 75 hivi mfululizo, na Gusii boma linapakana na boma.

Sola? S21 hutaka uniti 84 kwa siku. Paneli ya wati 450 ikizalisha uniti 2 kwa siku, utahitaji paneli 42 pamoja na betri za usiku, katika eneo ambalo mawingu hujikusanya alasiri. Fedha hizo zinajenga nyumba.

Inabaki Bitaxe Gamma, mashine ndogo ya usanifu huria inayokaa mezani. Hufanya tera 1.2 kwa wati 18 hivi, na kelele yake ni ya feni ndogo. Huingiza kama shilingi 7 kwa siku na kula stima ya 13. Ukichimba peke yako ukingojea bloku nzima, wastani wa kungoja ni karibu miaka 16,000. Kwa mwezi hula uniti 13, zinazoweza kumvusha mtu wa uniti 30. Lakini kwa mwanafunzi anayetaka kuelewa jinsi kazi hii inavyokwenda, naipenda kuliko zote, kwa sababu hasara yake inajulikana na ni ndogo.

Walioweza kuchimba Afrika Mashariki wameifuata stima ilikozalishwa. Gridless, kampuni ya Kenya iliyoanzishwa 2022, huweka mashine kando ya mitambo midogo ya maji: zinachimba kwa stima isiyo na mnunuzi na kuzimwa wanavijiji wanapoihitaji. Hifadhi ya Virunga nchini Kongo ilianza vivyo hivyo 2020 katika mtambo wake wa Luviro. Gusii ina maji. Mto Gucha, uitwao Kuja ukifika Migori, huzungusha mtambo wa Gogo wa megawati 2, na mtambo wa Sondu Miriu huzalisha megawati 60. Kikundi chenye kijito cha maporomoko kinaweza kuifikiria biashara hii, kikianza na kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji na wateja wa stima kijijini, mashine zikija mwisho.

Kwa anayetegemea tokeni, hakuna hata moja kati ya Antminer hizi inayostahili mkopo wa chama wala kuuza ng'ombe. Ukiletewa moja, muulize muuzaji juli kwa tera, kisha zidisha wati zake kwa saa 24 na bei ya uniti yako kabla ya kutoa hata shilingi moja.