«Kanisa» na «Eklezia»

Katika mahubiri na katika mafundisho ya katekisimu husikika mara nyingi maelezo haya: «kanisa» ni neno la Waarabu, maana yake nyumba ya matofali, «Eklezia» ni neno la kikristu, maana yake watu wa Mungu. Waamini huyapenda, kwani ni mepesi kushika. Kutofautisha nyumba na watu ni jambo jema, wala siombi liachwe. Lakini sababu inayotolewa si ya kweli.

Waarabu hawakulibuni neno hilo. Walilipokea kwa watu wenye kusema Kiaramu, lugha aliyoisema Yezu mwenyewe, na mzizi wake ni kukusanya. Wayahudi wangali na ndugu yake: baraza la wabunge wa Israeli, lililoanza mwaka 1949, huitwa Knesset. Basi asili ya «kanisa» ni watu waliokusanyika. Matofali yalikuja nyuma.

Na «Eklezia» je? Mgreki wa zamani aliposikia neno lile hakufikiri sala hata kidogo. Alifikiri raia wa mji walioitwa kushauriana. Someni Matendo ya Mitume, sura ya 19: kundi lile lililopiga kelele kule Efezo kwa ajili ya Artemi linaitwa ekklesia, na wengi wao hawakujua hata sababu ya kukutana! Kumbe Mtakatifu Yakobo, katika sura ya 2 ya barua yake, mkutano wa Wakristu anauita synagoge. Tena neno la Kigreki lilipita katika Kilatini likawa «église» la Wafaransa, nao kwa neno hilo moja huita watu na nyumba pia. Wenye neno la nyumba kwelikweli ni Waingereza: «church» latoka katika Kigreki kyriakon, yaani «ya Bwana». Hakuna anayewashitaki.

Hatari yenyewe ni hii: mwamini ataondoka akidhani Kiswahili chake ni chombo cha kuazima kwa Waislamu, kisichofaa kwa Imani mpaka kisafishwe kwa Kigreki. Je, «msalaba» nao tuufute? Nao asili yake ni Kiaramu. Na «kasisi», wanalolikwepa wengine, kwa Wakristu wa Siria lilikuwa «mzee», sawasawa na presbyteros lililozaa «prêtre». (Mzee! Nasi wengine hatujatimiza hata miaka arobaini.)

Wala mtu asigeuke sasa akataka asili itawale maana. «Kuhani» kwa Waebrania ni mtumishi wa Hekalu. Kwa Waarabu wa kale neno la mzizi ule ule lilikuwa jina la mpiga ramli. Katekista anayetaka kutofautisha nyumba na watu aseme tu kwamba hiyo ndiyo desturi yetu hapa Kongo, kisha aendelee na somo lake.